Strokestown 1847: Kuitafuta Kaya Moja Katika Makaratasi ya Kabaila

Mwezi Mei 1847, katikati ya Njaa Kuu iliyoletwa na kuoza kwa viazi, watu 1,490 waliondoka katika milki ya Strokestown, Kaunti ya Roscommon, Ireland. Walitembea kwa miguu mpaka Dublin, mwendo wa takriban kilomita 165, wakifuata kingo za mfereji wa Royal Canal, huku nyapara wa milki akiwasindikiza ili kuhakikisha wanapanda chombo. Kutoka Dublin walivushwa hadi Liverpool, na huko wakagawanywa katika meli nne za kwenda Quebec, Kanada: Virginius, Naomi, Erin's Queen na John Munn. Nauli ililipwa na mwenye ardhi, Meja Denis Mahon. Tarehe 2 Novemba mwaka huohuo Mahon alipigwa risasi na kufa barabarani, akirudi nyumbani kutoka mkutanoni mjini Roscommon.

Habari hiyo imeandikwa mara nyingi. Hapa tunachambua jambo ambalo watafiti wa nasaba hukwama nalo: mtu anayeamini kwamba wazee wake walikuwa wapangaji wa Strokestown ataipataje kaya yao katika nyaraka, na afanye nini nyaraka hizo zikipingana? Tuseme mapema kwamba hakuna orodha moja inayotosha. Kila karatasi iliyobaki iliandikwa na mtu aliyekuwa akidai, akidaiwa au akijitetea, na anayeisoma bila kujua ni yupi kati ya hao atapotoka hata kama kila tarakimu iliyomo ni sahihi.

Karatasi ziko wapi, na kwa nini zipo

Tarehe 30 Juni 1922, katika mapigano ya mwanzo ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, Ofisi ya Kumbukumbu za Umma iliyokuwa katika majengo ya Four Courts, Dublin, iliteketea. Sehemu kubwa sana ya sensa za 1821 hadi 1851 iliungua humo. Sensa za 1861 hadi 1891 zilikuwa tayari zimeharibiwa na serikali yenyewe, hivyo sensa za kwanza zilizobaki kamili ni za 1901 na 1911. Kwa anayetafuta mkulima mdogo wa 1847, hilo ni pengo la zaidi ya nusu karne.

Makaratasi ya makabaila yaliokoka kwa sababu hayakuwa mali ya serikali. Yalikaa mahali patatu: nyumbani kwa mwenye ardhi, ofisini kwa wakala aliyemkusanyia kodi, na kwa wakili wake. Ndiyo maana milki moja huwa na mafungu mawili au matatu ya nyaraka katika taasisi tofauti, na mtafiti akilimaliza fungu moja asidhani ameimaliza milki.

Strokestown iko hivyo hasa. Fungu moja liko Maktaba ya Taifa, Dublin. Jingine lilibaki ndani ya jumba lenyewe mpaka 1979, pale Jim Callery, mfanyabiashara wa magari wa mji huo, aliponunua milki akitafuta nafasi ya kupanua biashara yake. Humo alikuta barua za wapangaji walioomba msaada wakati wa njaa. Nyaraka zikahifadhiwa badala ya kutawanywa, jumba likakarabatiwa, na mwaka 1994 Jumba la Makumbusho la Taifa la Njaa Kuu likafunguliwa hapohapo. Fungu hilo lina nyaraka zaidi ya 50,000. Kazi ya kuzipanga na kuziorodhesha ilifanywa katika kituo cha nyaraka kinachoendeshwa na Chuo Kikuu cha Maynooth pamoja na Ofisi ya Ujenzi wa Umma katika jumba la Castletown, Celbridge.

Kabla ya kuomba sanduku lolote, pata majina yote ya mwenye milki. Hapa yako matatu. Ukoo ni Mahon. Mwaka 1800 mkuu wa ukoo alipewa cheo cha Baron Hartland, kwa hiyo karatasi nyingi za miaka 45 iliyofuata zinasema Hartland tu. Binti wa Denis Mahon, Grace, aliolewa na Henry Sandford Pakenham, na ukoo ukawa Pakenham Mahon. Hilo ndilo jina lililomo katika katalogi. Anayetafuta "Mahon" peke yake hupitwa na sehemu kubwa. Hifadhidata ya milki za Connacht na Munster iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Galway inasaidia hapa, kwa sababu inaonyesha ukoo, jumba na mahali makaratasi yanapotunzwa kwa pamoja.

Hesabu iliyowatoa watu

Baron Hartland wa tatu alitangazwa kuwa na ugonjwa wa akili, na kwa miaka kadhaa milki ikasimamiwa chini ya mahakama huku jamaa wakigombea nani awe msimamizi. Katika muda huo kodi haikukusanywa ipasavyo na ardhi ikaendelea kugawanywa vipande vidogovidogo. Denis Mahon aliporithi mwaka 1845 alikuta malimbikizo ya kodi yanayofikia takriban pauni 13,000. Mwaka huohuo bakajani chelewa, ugonjwa uleule unaowasumbua wakulima wa viazi wa Njombe na Nyandarua leo, uliingia Ireland. Mwaka 1846 uliharibu karibu zao lote.

Wakala mpya, John Ross Mahon wa kampuni ya Guinness na Mahon ya Dublin, alimpigia mwenye ardhi hesabu. Kulikuwa na nyumba za maskini zilizoendeshwa kwa ushuru wa maskini, uliotozwa kwa kila shamba kulingana na thamani yake. Kwa sheria ya 1843, shamba lenye thamani ya pauni 4 au chini yake ushuru wake wote ulilipwa na mwenye ardhi. Juu ya hapo mpangaji alilipa, kisha akakata sehemu kutoka katika kodi. Basi kadiri milki ilivyokuwa na vishamba vingi vya chini ya pauni 4, ndivyo mwenyewe alivyobeba mzigo mzito zaidi. Kwa hesabu ya wakala, kuwasafirisha watu ng'ambo kungegharimu karibu nusu ya kuwatunza katika nyumba ya maskini kwa mwaka mmoja. Juni 1847 sheria nyingine ikaongeza kwamba anayeshikilia zaidi ya robo ekari hapewi msaada wa umma, na wengi wakalazimika kuchagua kati ya chakula na ardhi.

Kiwango hicho cha pauni 4 ndicho ufunguo wa kuzielewa nyaraka zinazofuata. Unapoona kaya zinatoweka katika daftari kati ya 1846 na 1848, tazama kwanza thamani ya shamba. Deni lifuate baadaye.

Daftari la kodi, safu kwa safu

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi, maana daftari la kodi ndilo linaloziba pengo la sensa. Daftari la zaka, yaani orodha ya wakulima waliotozwa zaka ya kanisa, lililotayarishwa kati ya 1823 na 1838, liko nyuma ya njaa. Uthamini wa Griffith, yaani orodha ya serikali ya thamani ya mashamba na nyumba kwa ajili ya ushuru, ambao kwa Roscommon ulichapishwa mwishoni mwa miaka ya 1850, uko mbele yake. Katikati kuna daftari la wakala.

Daftari la kawaida la karne ya 19 lina kurasa mbili zinazosomwa kama ukurasa mmoja. Kushoto: namba, kitongoji, jina la mpangaji, aina ya umiliki, eneo, kodi ya mwaka. Kulia: malimbikizo ya nyuma, kodi ya nusu mwaka iliyofika, jumla inayodaiwa, fedha zilizopokelewa, punguzo, deni lililobaki, na mwisho safu ya maelezo. Wengi hunakili jina na kodi, wakaondoka. Safu zinazosema mengi kuliko zote ni mbili za mwisho pamoja na ile ya punguzo.

Tuanze na deni. Kodi ililipwa kwa nusu mwaka, ama tarehe 25 Machi na 29 Septemba, ama tarehe 1 Mei na 1 Novemba. Lakini katika milki nyingi ilikuwa desturi mpangaji kuachiwa nusu mwaka mmoja nyuma: kodi ya Mei ikidaiwa kwa nguvu Novemba. Chukua mfano wa mpangaji wa pauni 6 kwa mwaka. Daftari likifungwa Juni, ataonekana anadaiwa pauni 3 hata kama hajachelewa siku moja. Akionyeshwa deni la pauni 9, hapo kweli yuko nyuma kwa mwaka mzima. Anayesahau desturi hii atawahesabu wapangaji wote kuwa wameshindwa kulipa, na kosa hilo limewahi kutumiwa kuhalalisha mengi. Njia ya kuthibitisha ni kufungua daftari la miaka ya neema, kabla ya 1845, na kuona kama deni la nusu mwaka linajirudia kwa kila mtu. Likijirudia, litoe katika hesabu zako zote.

Eneo nalo lina mtego wake. Ekari ya Ireland ni kubwa kuliko ekari ya kisheria ya Kiingereza: ekari 121 za Ireland ni sawa na 196 za kisheria, yaani moja ni takriban 1.62. Madaftari ya milki mara nyingi hutumia ekari ya Ireland bila kusema. Griffith anatumia ya kisheria. Shamba la ekari 5 katika daftari linaweza kuwa lilelile la ekari 8 na kidogo kwa Griffith, na watu wamezitenganisha kaya moja kuwa mbili kwa sababu hiyo tu. Chini ya ekari kuna rudi 4, na kila rudi ina pachi 40. Zote zimeandikwa katika safu nyembamba zilizofuatana, kwa hiyo 3.2.17 si desimali.

Fedha: peni 12 kwa shilingi, shilingi 20 kwa pauni. Ukirudi nyuma ya 1826, pauni ya Ireland ilikuwa chini ya ya Uingereza, 13 kwa 12. Kodi inayoonekana kushuka ghafla mwaka huo huenda haikushuka hata kidogo.

Sasa majina. Kichwa cha kaya akifariki, karani hakufuta jina lake mara moja. Aliandika "warithi wa" fulani, au "mjane" na jina la ukoo bila jina lake mwenyewe. Jina linaweza kubaki hivyo miaka kumi. Pale ambapo watu watano wanaitwa Pat Kelly katika kitongoji kimoja, karani aliwatenganisha kwa jina la baba au kwa lakabu ya Kiayalandi, kama Roe kwa mwenye nywele nyekundu na Bawn kwa mweupe. Hizo si majina ya ukoo, na haifai kuziandika hivyo katika mti wa nasaba. Vitongoji pia huandikwa kwa tahajia tofauti kutoka daftari hadi daftari; linganisha na ramani ya kwanza ya inchi sita kwa maili, iliyotolewa katika miaka ya 1830 na ya 1840, kabla hujaamua kwamba mahali fulani hapapo.

Na kuna wasioonekana kabisa. Daftari linamjua tu anayemlipa wakala moja kwa moja. Kama ardhi ilikodishwa kwa dalali wa kati kwa mkataba wa muda mrefu, aliyeandikwa ni dalali; familia thelathini zilizo chini yake hazimo. Kama wanakijiji walishikilia ardhi kwa pamoja na kugawana vipande vilivyotawanyika, anaweza kuandikwa mmoja "na wenzake". Familia hizo hujitokeza siku mkataba wa dalali unapokwisha, maana hapo wakala hutuma mpimaji kuorodhesha kila aliyemo. Tafuta orodha za wapimaji, wala usiishie kwenye madaftari.

Ombi la Cloonahee

Agosti 1846 wapangaji wa kitongoji cha Cloonahee waliandika ombi, mojawapo ya karatasi zilizokutwa ndani ya jumba. Wanaeleza kwamba familia zao zinateseka mbele ya macho yao, kwamba viazi vimeoza na hawana nafaka, na hawawezi kuvumilia zaidi kilio cha njaa. Ni mara chache sana wapangaji husikika katika makaratasi ya kabaila kwa maneno yaliyo karibu hivyo na yao. Kwa hili peke yake fungu lile lilistahili kuokolewa.

Hata hivyo ombi lina ufundi wake. Mara nyingi liliandikwa na mtu anayejua kalamu, mwalimu au karani, kwa lugha ya unyenyekevu inayotarajiwa. Kwa hiyo mtindo ni wa mwandishi, madai ni ya waombaji. Angalia upande wa nyuma. Karatasi za aina hii zilikunjwa mara tatu kwa urefu ziingie katika fungu lililofungwa kwa utepe, na juu ya mkunjo wa nje ofisi iliandika mstari mmoja: nani, lini, jambo gani, na mara nyingine uamuzi. Mstari huo ndio jibu la kabaila. Mpiga picha anayepiga upande wa mbele tu huliacha jibu hilo sandukuni.

Kwa sababu hiyohiyo fungu halipangwi upya kwa herufi au kwa tarehe. Ombi lililofungwa pamoja na hesabu za mahindi ya msaada linasema kuwa lilifika kwenye meza fulani na kushughulikiwa. Likitolewa humo na kuwekwa kwenye jalada la "maombi", habari hiyo imekwisha na hairudi. Anayekuta masanduku kama hayo katika nyumba ya zamani aanze kwa kuyapa namba na kuyapiga picha yalipo, kila fungu na utepe wake. Pini za chuma zilizoota kutu ziondolewe na mhifadhi. Karatasi zenye unyevunyevu zisikaushwe karibu na moto wala juani. Chumba chenye hewa inayotembea kinatosha.

Orodha mbili zisizojumlishwa

Baada ya Mahon kuuawa, ilidaiwa hadharani, hata katika Bunge la Mabwana la Uingereza, kwamba padri wa Strokestown alikuwa amemlaani madhabahuni. Askofu George Browne wa Elphin alijibu mwaka 1848 kwa kuchapisha gazetini orodha ya waliofukuzwa katika milki, kitongoji kwa kitongoji, na idadi ya watu katika kila kaya. Jumla: familia 605, watu 3,006.

Kwa mtafiti orodha hiyo ni hazina, kwa kuwa inataja wakuu wa kaya pamoja na kitongoji. Lakini ilitungwa kumtetea padri, kama ambavyo maelezo ya wakala yalitungwa kumtetea mwajiri wake kwa kudai kwamba waliosafiri walisafiri kwa hiari. Kaya moja inaweza kuwa "imefukuzwa" upande mmoja na "imehama" upande wa pili: imesalimisha ardhi, nyumba ikabomolewa, ikapewa nauli. Kwa hiyo usichukue 1,490 ukaongeza 3,006. Chukua kila jina la askofu, lipeleke kwenye daftari la kodi la 1846, kisha la 1848, na uandike kinachoonekana: lipo na deni, lipo na thamani chini ya pauni 4, limefutwa, au kipande chake kimeunganishwa na cha jirani. Pale jirani anapoongezewa ardhi bila maelezo, kuna kaya iliyoondoka.

Mauaji yenyewe yaliacha nyaraka za upande wa tatu. Ripoti za polisi na mashahidi zilipelekwa Dublin Castle, makao ya serikali, wala si Four Courts, hivyo hazikuungua. Sasa ziko Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka. Humo wapangaji wanatajwa kama mashahidi, washukiwa na majirani, pamoja na mahali walipoishi.

Upande wa pili wa bahari

Virginius iliondoka Liverpool tarehe 28 Mei na abiria 476. Ilipofika kituo cha karantini cha Grosse Île, daktari mkuu, George Douglas, aliripoti vifo 158 njiani, mabaharia na maofisa wakiwamo, na wagonjwa 106 wa homa. Si kila aliyekuwa ndani alitoka Strokestown, kwa hiyo idadi hiyo isiandikwe kana kwamba ni ya watu wa Mahon peke yao.

Kanada haina mfululizo kamili wa orodha za abiria kabla ya 1865. Anayetafuta huku aanze na kumbukumbu za Grosse Île za vifo na wagonjwa, ambazo Maktaba na Hifadhi ya Kanada imeziweka katika hifadhidata, kisha aende kwenye rejista za yatima waliogawiwa familia za Quebec, na baada ya hapo rejista za parokia.

Daniel Tighe alikuwa na miaka 12, dada yake Catherine miaka 9. Walisafiri kwa Naomi pamoja na mama yao mjane na jamaa wengine. Wao wawili tu ndio waliobaki hai. Walichukuliwa na familia ya Coulombe, Wakanada wanaosema Kifaransa, na kuachwa waendelee na jina lao la Tighe. Lakini makasisi waliandika kama walivyosikia, na Tighe ikawa Tye. Mwaka 2013 kitukuu wa Daniel alifika Strokestown. Anayetafuta kutoka Quebec kwenda Roscommon anapaswa kulitamka jina kwa sauti, alisikilize kwa sikio la Mfaransa wa 1847, kisha aandike kila namna ambayo lingeweza kuandikwa. Huko Roscommon mama angetafutwa chini ya "mjane" na chini ya jina la marehemu mumewe vilevile, na ukoo wake wa kuzaliwa nao ufuatwe, maana ndugu wa upande wa mama mara nyingi walisafiri pamoja.

Kwa waliobaki, mnyororo ni mfupi zaidi: daftari la kodi la 1848, Griffith, kisha madaftari ya marekebisho ya uthamini ambayo yanaonyesha kwa wino wa rangi tofauti kila mwaka shamba lilipobadilisha mikono, mpaka ununuzi wa ardhi baada ya sheria ya 1903, wakati mpangaji alipoandikwa kwa mara ya kwanza kuwa mmiliki. Fuata namba ya kipande kwenye ramani ya uthamini, usifuate jina, kwa kuwa shamba hupita kwa mkwe, kwa mpwa au kwa mjane aliyeolewa tena, na namba hukaa palepale.